Mwenye Mbwa

Oaxaca, Mexico
Agosti 1993

Kwako Mama,

Kwanza nijue goti lako linasemaje siku hizi, na kama ile nyumba ya kupanga hapo Bungoma bado inavuja upande wa jikoni. Kaka Kamau bado anatoka Kitale kuja kukuona, ama biashara ya mahindi imemmeza? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni kwa sababu ya safari, si ugonjwa, kwa hivyo usianze kufunga na kuomba.

Chuo kilifungwa, na wenzangu wote wa mafunzo ya mbegu wakaenda makwao. Mwalimu mmoja akaniachia gari lake kuukuu, nikasema wacha niende nikaone mahindi ya milimani kwa macho yangu. Nilienda peke yangu na Njugu, yule mbwa wa rangi ya udongo aliyejileta mlangoni kwangu mwaka jana akiwa mbavu tupu. Najua utakachosema: mwanamke peke yake, tena na mbwa ndani ya gari! Alikaa kiti cha mbele kama mke wa chifu.

Mama, huko mashambani watu walinitazama sana. Nikiingia dukani, maongezi yanakatika. Na mimi niliwatazama vilevile. Tangu tulipotoka Saboti na magodoro kichwani, na aliyewaonyesha wachomaji nyumba yetu akiwa ni yule jirani tuliyempa maziwa kila asubuhi, salamu nzuri ya mtu hainitoshi. Hotelini nilichagua kiti kinachotazama gari. Mtu akiniuliza naelekea wapi, nilitaja mji mwingine.

Siku moja nilisimama kuweka petroli. Mwanamume mwenye masharubu alikuwa ameegemea pikapu nyeupe. Hakunitazama mimi, alimtazama Njugu. Akazunguka gari lote, akainama kwenye kioo, akamtazama tena. Nililipa nikaondoka bila kungoja chenji. Kidogo nikaona pikapu inakuja nyuma. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nikakata kona nikaingia barabara ya vumbi ili nimpoteze, naye akaingia. Halafu, kwenye mlima mkali, redieta ikachemka na gari likazima.

Nilishuka na spana ya magurudumu. Naye akashuka, akasimama mbali kidogo.

"Señora, huyo mbwa ni wa mama yangu."

"Huyu mbwa ni wangu," nikamwambia.

"Alimpotea mama sokoni huko mjini, mwaka jana. Anaitwa Canela."

Huo ni mdalasini kwa lugha yao. Akaita, "Canela!" Njugu akatikisa mkia. Lakini si Njugu humtikisia mkia hata mwizi? Hilo halikunionyesha kitu. Nikamwambia, kwa Kihispania changu cha kuokota, kwamba akisogea nitampasua kichwa.

Hakusogea. Alitoa dumu la maji kwenye pikapu, akaliweka katikati ya barabara, akarudi nyuma. "Hayo ni ya redieta, lakini ngoja ipoe. Kwa mama ni huko juu, ukishapita kanisa. Mimi natangulia. Ukitaka kurudi, rudi. Sitakufuata tena."

Akaenda kweli. Niliyanusa yale maji kabla ya kuyamimina, sijui nilidhani gari litakunywa sumu. Gari lilipowaka niligeuza, nikaanza kurudi nilikotoka.

Ndipo Njugu akaruka kiti cha nyuma, akaegemeza miguu kwenye kioo, akitazama juu mlimani na kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nikamwita kwa jina nililompa. Hakugeuka. Nikaendelea mwendo kidogo hivi, nikashindwa. Nikageuza gari tena, spana mapajani.

Tulipopita kanisa Njugu hakungoja nisimame. Aliruka kupitia dirishani, akamkimbilia mama mzee mfupi mwenye shali nyeusi. Yule mama aliketi pale pale vumbini, mbwa akamlalia mapajani. Kisha akainua macho, akaniona, akakunja uso.

"Ulimnunua kwa nani?"

"Sikumnunua. Alikuja mwenyewe."

"Mbwa haji tu."

Tulipoingia jikoni, aliondoa redio yake ndogo mezani akaificha chini ya shali, nami nikiona. Na mimi sikugusa chakula mpaka mwanawe, yule wa pikapu, alipoanza kula. Akaliona hilo. Akanyoosha mkono, akamega kipande cha chapati yangu ya mahindi, akakitafuna huku akinikazia macho.

"Haya, kula sasa," akasema.

Nikala. Tulipofika kikombe cha pili cha kahawa, redio ilikuwa imerudi mezani. Hata hivyo nililala ndani ya gari, milango nimeifunga. Sikuwa nimegeuka malaika, Mama.

Asubuhi nilipowasha gari Njugu alikuja mbio, akaketi kando ya mlango wake, akingoja nimfungulie. Alinitazama mimi, akamtazama mama mzee. Yule mama alisimama mlangoni na hakumwita. Nadhani alikuwa bado anangoja kuona mimi ni mtu wa aina gani. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Nikauondoa. Nikamwambia Njugu abaki, kwa Kikuyu, maana ndiyo lugha niliyozoea kuongea naye, nikaondoka. Niliendesha mpaka nikavuka kilima kile, ndipo nikasimama nikalia.

Umeniuliza kama mrudi Saboti. Najua majirani wa kule wanawaita kwa maneno mazuri. Usiende kwa sababu mtu amekuita vizuri, na usikatae kwa sababu hiyo pia. Nenda mchana na Kamau, mkae na hao majirani, mle nao, muwaangalie.

Nisalimie Kamau na mkewe, na shangazi anayeuza nyanya pale sokoni. Yule mama wa Kibukusu mwenye nyumba, aliyetupatia jiko lake siku tuliyofika hata kabla ya kuuliza majina yetu, mwambie namkumbuka kila siku.

Ni mimi binti yako,
Wambui