Vichupa Vinne vya Mate

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki. Daktari wa tumbo ni rika la wajukuu wangu. Kanipa vichupa vinne: niteme mate asubuhi, adhuhuri, jioni na kabla ya kulala. Anapima homoni ya msongo wa mawazo. Asubuhi iwe juu, jioni ishuke ili mtu alale. Anashuku yangu haishuki — ndiyo maana silali, ndiyo maana tumbo linanguruma. Nikauliza mwakani nirudi lini. Akatazama karatasi ya moyo wangu, akasema tupange wiki ijayo kwanza.

Tumbo lilianza lini? Mke wangu akaniwahi kujibu: miaka thelathini na sita iliyopita, mwaka ule yeye alipopewa ukuu wa shule kule mbali. Tumbo likanguruma mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka!

Jumanne, 5 Machi

Niandike, nisije nikafa nalo. Mwaka ule sikuumwa. Sikutaka kuitwa mume wa mwalimu mkuu, basi. Nikajigaragaza sakafuni. Daktari wa siku zile akasema nisile chumvi. Mke wangu akakataa cheo ili aniuguze, na chumvi akaifukuza nyumbani. Ikabidi niendelee kuumwa! Kwa hofu ya kugundulika usingizi ukaruka, na tumbo likaharibika kweli. Mwalimu wa baiolojia mzima, nimejitengenezea ugonjwa kwa mkono wangu.

Lazima nimwambie. Akinichukia, bora anichukie nikiwa hai.

Jumatano, 6 Machi

Dawa ya moyo imenikausha mdomo. Nimetema hewa. "Lete hapa, Mwalimu," mke wangu kasema. "Tunachangia kijiko miaka yote hii, mate yangu na yako yana tofauti gani?" Kajaza vyote vinne, kila kimoja kwa saa yake. Jina langu juu, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Nilipaswa kukataa. Nilishukuru — mate yangu yangenichongea.

Jumatatu, 11 Machi

Majibu. Homoni juu asubuhi, juu jioni! Daktari kaongea kwa upole wa kutisha: "Mzee, kuna jambo umelibeba miaka mingi. Litue."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anachunguza viatu vyake. Hakuna aliyesema mate ni ya nani. Kwenye teksi lilizungumza tumbo langu tu.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi, mezani. Nimeanza: "Bibi, lile tumbo la mwaka ule..." Kainua mkono. Ngoja kwanza alete kiti, kasema, magoti yake hayawezi kusikia habari yakiwa yamesimama. Kaenda jikoni. Naandika upesi.

Karudi. Kiti mkono mmoja. Mkono wa pili kopo la chumvi — chumvi, nyumba hii! Imeliwa zaidi ya nusu. Kaliweka katikati ya viazi vyangu na vyake, kaketi.

"Unaanza wewe, Mwalimu," anauliza, "au nianze mimi?"

Tumbo — kimya.