Vipande Vinavyongojea Kamina

Yaya Berthe,

Hasira njo itaniua huku Kamina, haiko malaria. Lokomotive ya treni yetu ya kuja kwenu Likasi inakosa kipande kimoja, kiko huko kwenu, na treni zingine zote zinabeba basoda wa vita. Chef de gare, mukubwa wa stesheni, anasema “kesho” kila siku. Nimechoka na kesho yake!

Leo nilikula bukari, ule ugali wetu, na fundi wa lokomotive. Nikamueleza masomo ninayofundishaka: mu seli za mwili, mashine ya kupumua inaungwa ndani ya mitokondria, vile vyumba vidogo vya nguvu. Vipande vyake vingi vinatoka inje ya mitokondria, vichache vinatengenezwa mule ndani. Kimoja kikikosa, seli inavunja vile vingine vinavyokingojea.

Fundi akaacha tonge. “Inavunja? Miye vipande vyangu vinavyongojea ninavipakaka mafuta kila asubui!”

Na kweli anavipaka.

Yaya, weye na mama munaningojea sawa vile vipande; mujipake mafuta, musivunjike. Ninakuja.

Mudogo wako,
Kalenga