Mkrismasi wa Kebirigo

Changamwe, Mombasa
3 Aprili 1991

Kwa dada Bonareri,

Bwakire, salamu nyingi. Mimi mzima, ila joto la huku linanipika. Tata na Mama hawajambo? Na wewe, maneno ya kule Suneka ulikoolewa umeshayasahau? Mume wa namna ile ni heri ulivyomwachia sufuria zake.

Joash, mwenzangu wa kazini, anakuja huko likizo na kopo. Ndani kuna mche wa mkrismasi. Huku ikifika Desemba mti mzima unawaka maua mekundu. Nataka na kwetu kupendeze. Upande katikati ya kile kipande alichokupa Tata ulime, maana kinaonekana kutoka barabarani. Siku ya kupanda umwite Baba Mdogo Onsongo aone, ng'ombe wake wasije wakaula.

Mdogo wako,
Angwenyi

Kebirigo
20 Julai 1991

Ndugu yangu Angwenyi,

Salamu zako tumezipata na tumezigawana. Sote wazima, Mama tu na magoti yake.

Mgeni wako alifika, na baridi yetu haipendi. Aliangusha majani yote, nikadhani amekufa, kumbe amenuna. Nimemjengea kibanda cha majani ya mgomba, namwekea samadi, na mvua ya mawe ikianza natoka mbio na karai kumfunika. Sheila wa jirani ananiuliza, "Wee, huyu umemzaa lini?"

Baba Mdogo alikuja. Habari ya ng'ombe hakuigusa. Aliuliza tu, "Mti wa nani?" Nikasema wa Angwenyi. "Sema tena." Nikasema. Akanywa chai akaenda. Nadhani masikio yake yameanza kuchoka.

Dada yako,
Bonareri

Changamwe
9 Februari 1994

Dada mpendwa,

Natumai hamjambo. Mimi kifua kidogo, lakini kazini naenda.

Nimefurahi kusikia mti umekupita kimo. Sasa usilime karibu nao, jembe linakata mizizi. Na matawi yake hutanda kama mwavuli, kwa hiyo rudisha mboga zako, sukuma na managu, nyuma kidogo.

Mdogo wako,
Angwenyi

Kebirigo
1 Septemba 1996

Ndugu yangu,

Hujambo? Nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike Tata. Mama anakula kidogo.

Mboga nimezirudisha nyuma mpaka zimegonga ua wa jirani. Maua bado sijaona hata moja.

Siku ya mazishi niliwaona wewe na Baba Mdogo chini ya mti, mkipima kwa miguu. Nilipoleta chai mkaanza kusifu mvua. Mlikuwa mnapima nini? Nijibu, hata kama ni vibaya. Tata alisema mbele yangu na Mama: hapa utakula mpaka uzeeke.

Dada yako,
Bonareri

Changamwe
15 Novemba 1996

Dada,

Pole na kazi. Mama mpe pole pia.

Usikasirike. Wazee wamekaa. Kwetu mwenye mti ndiye mwenye shamba, na wewe mwenyewe ulisema mbele ya Baba Mdogo kwamba mti ni wangu. Tata hakuacha shahidi ila Mama, na Mama ni mwanamke. Isitoshe ng'ombe wa mahari yako walifika na wakaliwa, kwa hiyo kwenu ni Suneka. Nitajenga Agosti. Vuna mboga zako kwa amani.

Ila tafadhali, baridi ikija endelea kuutunza mti. Wewe ndiwe unayeujua.

Mdogo wako,
Angwenyi

Kebirigo
2 Februari 1997

Angwenyi,

Mimi mzima. Afya yako sikuulizi, ya mti wako nitakwambia. Desemba umetoa maua, machache, upande wa barabara tu. Watu wanasimama kutazama. Wanasema kwa Angwenyi kumependeza.

Sheila alinishauri niukate. Nilitoka na panga kweli. Nikaishia kupunguza matawi makavu, kama kawaida yangu. Mikono imezoea ujinga.

Sasa nalima kwa mjane Kwamboka, ng'ambo ya mto. Alinipa uji, akanionyesha mwanzo wa shamba na mwisho wake, halafu akaniambia: "Bonareri, panda mboga yoyote utakayo. Lakini mti, hata wa maua, usipande." Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa.

Nikamwambia asante. Ndiye mtu wa kwanza kunieleza kabla sijashika jembe.

Binti wa marehemu Ombui,
Bonareri