Mbabula na Miguu ya Mudogo Yako

Mama,

Usishituke kusikia sauti yangu. Ni miye Dieudonné, bwana ya mutoto yako Béa, ule mukwe alikuwa anaingia mu majani kila mara ulitokea mu njia. Ukiwa muzima sikukuambiaka neno hata moja mbele ya uso. Salamu zangu zilipitia kwa Béa, na weye ulijibu kutoka nyuma ya mulango. Njo heshima yetu ya Kasai kwa mama mukwe, sikatae. Lakini leo moyo yangu haitulie, acha niseme.

Baridi imerudi. Unaijua baridi ya mwezi wa sita huku Lubumbashi, inaingia mpaka mu mifupa. Mudogo yako wa kuzaliwa, Mama Ngalula, tangu alikuja ku kilio yako hakurudi tena Kasai. Analala mu chumba yako, anakaa mu kiti yako, kwangu ni mama mukwe sawa na weye, na yeye pia iko na ugonjwa ya sukari. Kila asubui anavuta mbabula, ile jiko ya makala, anaweka miguu pembeni ya moto, anafunga macho. Nikiona vile, nakukumbuka weye.

Sababu ni vile njo ulituacha. Sukari ilikuwa imeua mishipa ya miguu yako, haukusikia makala inakuunguza. Béa aliona soseti imegandana na ngozi, ukamukataza kuniambia: "Mukwe yangu ataona miguu yangu namna gani?" Na miye muuguzi! Ku dispanseri yetu mugonjwa ya sukari anavua biatu mbele ya kukaa. Ninashika miguu ya bantu bote ya mutaa yetu ya Katuba, ninaosha bidonda, ninakata kucha. Miguu ya mu lupango, mu nyumba yangu mwenyewe, nilikuja kuiona siku ya kukubeba hospitali, imekwisha kuoza. Nilikukasirikia, Mama. Hata siku ya kukuzika nilikuwa nakukasirikia.

Sasa juma hii Mama Ngalula alianza kukanyaga vibaya. Béa akimuuliza, anajibu ni baridi tu. Miye ku kazi nilikuwa nakosea mpaka majina ya bagonjwa. Nilikuwa nakuona weye tu.

Leo asubui nilishindwa kuvumilia. Nilisimama inje ya mulango, nikamuambia Béa kwa sauti kubwa ili Mama Ngalula mwenyewe asikie: "Ambia mama ajifunike kikwembe uso muzima. Hataniona, na miye sitamuona. Miye nataka mguu tu."

Nikasikia banabishana kidogo, kisha Béa akaniita. Nilimukuta Mama Ngalula amekaa mu kiti yako, kikwembe kutoka kichwa mpaka magoti, mguu moja umenyooshwa. Soseti nililowanisha na maji, ikatoka pole pole. Kidonda kiko chini ya kidole kikubwa, chekundu, bado ni kidogo, bado ni kisafi. Nilibonyeza pembeni yake, hakushituka. Hasikie kitu, Mama, kama weye tu. Nikaosha, nikafunga, mbabula nikaitoa inje, nikamuletea blanketi yetu ya kitanda.

Nilikuwa nasimama kutoka, ile sauti ikasema chini ya kikwembe, bila kupitia kwa Béa: "Mwanangu, mguu ni ya kukata?"

Nikamujibu mwenyewe: "Hapana, Mama. Hatujachelewa."

Ile "Mama" ilinitoka mu kinywa kama nakuambia weye. Nililia pale pale, na yeye akajifanya hasikie.

Nakuandikia ku kazi, wakati ya kupumzika, na siwezi kukaa. Nataka kukimbia nyumbani kuona kama amerudisha mbabula, juu yeye ni kichwa ngumu sawa na weye. Kidonda inaweza kugeuka vibaya. Lakini amekubali: kila asubui atajifunika, na miye nitafungua bandeji, mpaka ngozi ifunge.

Kwako nitakuja kukata majani ku kaburi. Nitapita njia ya katikati, sitaingia pembeni tena, unisamehe.

Lala, Mama. Miguu ya mudogo yako niachie miye.

Mukwe yako,
Dieudonné