Rangi Haijakauka

Jumanne, 4 Machi

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za miguu yako, jishike vizuri: mpwa wako ana akili kuliko kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya. Sijalewa, wala sijapigwa na jua. Zilishindana nami wiki jana, zikashindwa, na ushindi wangu umeandikwa kwenye karatasi yenye mhuri.

Haya, miguu inaendeleaje? Na mgongo? Jirani yako mshonaji bado anakuletea chai na umbea kwenye sinia moja?

Unajua nilikuja hapa kituo cha utafiti kufagia chembe za chuma. Sasa nakagua. Nitakueleza taratibu, maana wewe ni mtu wa tupa na nyundo. Siku hizi mhandisi anachora kitu kwenye programu yake ya kompyuta. Mbunifu wa umbo ana programu yake. Mashine ya kukata chuma nayo inasoma programu ya tatu. Mchoro unapita kwa wote kama mgonjwa anayezungushwa madirisha ya hospitali, na Dokta, mama anayeongoza utafiti huu, anataka kujua njiani unapoteza nini. Wiki jana ulipoteza tundu la skrubu. Kompyuta zote tatu zikasema sawa. Mimi nikasema, "Dokta, sasa hii skrubu itaingia wapi, puani?" Akacheka hadi miwani ikamdondoka. Siku hiyohiyo nikapewa koti jeupe na kalamu ya kusaini.

Ila lile somo lako limeniaibisha. Walinikuta napitisha kidole gumba kwenye kona ya ndani ya chuma, kama ulivyonifundisha: kona inayouma kidole itakula chuma. Vijana wa chuo wakapiga kelele, "Njooni muone mganga, anasoma kiganja cha chuma!" Nimeacha. Hapa tunaangalia skrini, kijani ni sawa, nyekundu ni kosa. Kidole chako kimestaafu, Mjomba. Kipe pensheni.

Sasa kubwa zaidi. Tunatengeneza kiti kinachomwinua mtu aliyekaa mpaka asimame. Watu kumi na wawili watakijaribu nyumbani kwao, na wa kwanza kwenye orodha ni wewe. Nani mwingine ana mpwa kama mimi? Dereva wetu, anayepita huko kila Alhamisi, atakuletea barua hii na kuchukua jibu, kwa kuwa simu uliitumbukiza kwenye ndoo ya kupozea chuma na hadi leo hujajuta.

Mpwa wako,
Bingwa wa Kompyuta Tatu


Alhamisi, 6 Machi

Mpwa wangu, Injinia wa Mdomo,

Marahaba. Mgongo upo na miguu ipo, ila hawasalimiani. Dereva wenu amekataa kuketi, yuko mlangoni anatikisa funguo, kwa hiyo nitaandika mbiombio.

Kiti nakitaka. Sitakuficha. Tangu niteleze kwenye lile paa, miaka miwili sasa, naiona dunia kwa kimo cha mtoto. Nazijua suruali za watu wote wa mtaa huu. Sura zao nimeanza kuzisahau.

Lakini kidole hakistaafu, wewe. Kwenye kona ya ndani ndipo uzito unapopenda kukaa. Kona ikiwa na mviringo, uzito unateleza na kwenda zake. Ikiwa kali, unakaa palepale unatafuna. Skrini haina ngozi. Kabla hujasaini kiti changu, gusa.

Mjomba wako


Jumatano, 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Kiti kinakuja kesho pamoja na barua hii. Ni kizuri. Ila usikikalie kwanza, rangi haijakauka. Kiache pembeni mpaka Alhamisi ijayo, nitakuandikia tena.

Huku ni mbio tupu. Wageni wanaofadhili utafiti wanakuja, na Dokta anataka viti vyote kumi na viwili viwe vimetoka. Nimevisaini vyote.

Usikikalie, Mjomba. Sitanii.

Mpwa wako


Jumapili, 16 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa kazi. Barua yako ilikuwa fupi hata nikaigeuza nyuma kutafuta utani.

Utani nikauona baadaye. Rangi gani wewe? Chuma ni kitupu kama kilivyotoka mashineni, rangi hakina hata tone. Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu ndiye yule aliyenitoa bafuni na povu kichwani eti karakana inaungua. Mtu mzima sasa, bado yuleyule.

Basi nikajisogeza, nikakikalia, nikabonyeza kitufe.

Mpwa wangu, kiliniinua. Polepole, kama mtu anayekuheshimu. Nimeona juu ya kabati langu mwenyewe! Kuna vumbi la miaka miwili na ile tupa ndogo niliyokusingizia kuwa umeiba. Nisamehe. Dirishani nikamwona mshonaji usoni. Amezeeka kidogo, usimwambie. Nililia, na hilo pia usimwambie.

Ile kona ya ndani iko chini ya kiti, mkono wangu haufiki. Lakini hiyo nilikuachia wewe, sina wasiwasi.

Swali moja tu, fundi. Tangu jana, kikinipandisha kinasema *tik*, kama mtu anayevunja vidole. Ndivyo kilivyo? Nimeshasimama mara kumi na nne.

Mjomba wako Mrefu


Alhamisi, 20 Machi, saa tisa alasiri

Mjomba,

USIKIKALIE. Dereva amenipa barua yako sasa hivi, nimemshika shati, anarudi huko kabla hata hajanywa maji. Ukiwa umekalia wakati unasoma, mwite mshonaji akushushe. Usibonyeze kitufe.

Hiyo *tik* ni ufa. Chini ya kiti kuna chuma kilichopinda kama kiwiko, ndicho kinachokubeba. Mchoro wake ulipotoka programu ya pili kwenda ya tatu, ule mviringo wa kona ya ndani ulifutika. Kona ikabaki kali. Skrini ikawa kijani. Nilipomsomea Dokta barua yako amekipindua kiti cha mfano, akaangalia, akakaa chini sakafuni na koti lake jeupe.

Ningekuja mwenyewe, lakini nimebaki kuwapigia simu wale kumi na mmoja. Wao watapokea. Asiye na simu ni wewe peke yako.

Sikuweka kidole, Mjomba. Niliamini skrini. Programu imetukosea sote.

Mpwa wako


Ijumaa, 21 Machi

Mjomba,

Barua ya jana imerudi haijafunguliwa. Dereva amekuta mlango wazi, kiti kimelala ubavu, na mshonaji anafuta sakafu. Amemwambia ulianguka asubuhi, dereva alipoondoka tu na barua yako, na umepelekwa hospitali hukuwa unaongea. Kisha akamuuliza, "Yule mpwa mwenye akili anajua?"

Nimezifunga barua zote mbili pamoja na kuzileta hospitali. Nilifika mpaka kwenye ngazi za wodi. Miguu yangu, mizima hii, ikakataa kupanda. Nimemwachia muuguzi.

Nijibu. Hata neno moja la kunitukana.

Mpwa wako


Jumatano, 2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Anayeandika ni muuguzi, mkono wangu umefungwa. Nyonga imevunjika, na mbavu mbili. Ijumaa wananipasua. Daktari hasemi nitasimama na hasemi sitasimama, anaangalia karatasi tu. Naogopa. Muuguzi anasema mtu wa umri wangu asiandike hivyo. Nimemwambia aandike.

Sasa nisikilize. Barua yako ya rangi ni ya tarehe kumi na mbili. Ufa unasema umeujua tarehe ishirini. Hapo katikati kuna siku nane, na mimi nalala chali hapa nikiziangalia kwenye dari.

Kama programu ndiyo iliyokosea peke yake, Dokta ataitengeneza, na wewe utarudi na kalamu yako kusaini vitu ambavyo watu watakalia. Ndiyo maana nauliza kabla sijalazwa kwenye ile meza. Kompyuta siiogopi. Nataka kujua kama nikuogope wewe.

Rangi ile ilitoka wapi?

Mjomba wako


Alhamisi, 3 Aprili

Shikamoo Mjomba.

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu zilianza na mzaha, nimezichana.

Tarehe kumi na mbili mchana vijana wa chuo walikwenda kula. Nikabaki peke yangu na viti kumi na viwili, vimepangwa ukutani, na chako kilikuwa cha mwisho. Skrini ilikuwa kijani kwa vyote. Nikachungulia mlangoni kwanza, nisije nikaonekana. Kisha nikapiga goti, nikavua glovu, nikapitisha mkono chini ya kiti chako.

Nilikuwa bado nimepiga goti waliporudi. Mmoja akaniuliza, "Vipi mganga, kiganja kinasemaje leo?" Nikatia mkono mfukoni haraka. Nikasema, "Kinasema wewe utaoa mkorofi." Wakacheka sana. Nami nikacheka. Nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto nikasaini, kwa sababu wa kulia ulikuwa unalowesha mfuko kwa damu.

Nilikuwa nasubiri waondoke nimwambie Dokta. Hawakuondoka. Kesho yake kulikuwa na wageni. Keshokutwa nikajiambia kwamba umeshasoma ile habari ya rangi, kwamba hutakikalia, kwamba nina muda mpaka Alhamisi. Hata usiniulize nilikuwa nalala vipi.

Koti nimelirudisha leo na doa lake mfukoni. Nakala ya barua hii iko mezani kwa Dokta, chini ya miwani yake. Kesho ngazi nitazipanda. Nitakuwa nje ya mlango mpaka wakutoe, na ukisema nisiingie sitaingia.

Niliweka kidole, Mjomba. Kiliuma.

Mpwa wako