Mkondo Usiokuwepo Kwenye Fuwele za Imran

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Nimesikia siku hizi unafika mwenyewe sokoni Rangi Tatu, nikashukuru Mungu. Mie mwili mzima, moyo ndio umechoka. Uliponiuliza kwenye simu mbona sauti imepoa, nilishindwa kukujibu kwa sababu palikuwa na watu.

Unamkumbuka Imran, mwenzangu wa maabara, Mbangladeshi, yule aliyetaka kukuamkia kwenye video akakwambia "karibu"? Alikuwa anapima fuwele za nusu metali, vijiwe vinavyong'aa, vidogo kuliko punje ya mchele. Unaipoza fuwele kwa baridi kali, unaipitishia umeme, halafu unawasha sumaku kubwa. Kwenye metali za kawaida sumaku huuzuia umeme. Kwenye hizi, ukiielekeza kule umeme unakokwenda, inatakiwa ilete mkondo wa ziada. Imran akauona. Profesa wetu akafurahi, makala ikaandikwa, na shahada yake yote ya udaktari ikawa inategemea majibu hayo.

Kabla makala haijatoka, profesa akanipa kazi ya kurudia vipimo. Nilipobandika nyaya za kupimia pembeni ya fuwele kama Imran, niliona alichokiona. Nilipozihamishia katikati, mambo yakageuka, umeme ukaonekana unazuiwa. Nikabadili fuwele, hali ileile. Mkondo wa ziada haukuwepo, mama. Sumaku ilikuwa inaubana umeme upite katikati, nyaya za pembeni zikawa hazisomi sawasawa, na sie tukadhani njia imekuwa nyepesi.

Nilimwambia Imran kwanza, tukiwa wawili tu maabara. Akaipitia michoro ya vipimo vyangu mmoja mmoja.

"Profesa anajua?"

"Bado."

"Nikikuomba usubiri nitetee tasnifu yangu kwanza?"

"Wengine watapima, Imran. Watakuja kugundua, na jina litakuwa lako."

"Mke wangu ana mimba, Zuhura. Kibali changu cha kuishi hapa kinaisha na masomo."

Kesho yake Imran akaenda mwenyewe kwa profesa, akasema yote. Makala ikaondolewa. Chuo kikamwambia hakuna fedha ya kumwongezea muda aanze upya.

Jumapili niliwasindikiza stesheni, yeye na mkewe, wakirudi kwao. Nilibeba begi, mkewe hakuniangalia. Imran hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Tangu hapo nikila chakula hakishuki. Profesa amenipa meza ya Imran, kasema niendelee na fuwele zilizobaki.

Nisalimie baba mdogo wa Manzese, shangazi wa Pugu, na dada na wanawe. Baba mwambie nakula vizuri, asije akakosa usingizi.

Imran ameniandikia mara moja tu, kuuliza kama fuwele ya mwisho nayo ilitoa majibu yaleyale. Nimemjibu ndiyo. Ukiniombea dua, mama, mtaje na yeye, na mtoto wake anayekuja.

Mwanao,
Zuhura