Filamu niliyomtafsiria Bibi

Jumapili, Bugene

Filamu za siku hizi zinachosha. Tangu nimalize kidato cha nne nimeona nyingi, na ya leo ndiyo mbovu kuliko zote. Mama wa kijijini anamenya ndizi akiwa na kucha ndefu za rangi, kisha anamfokea bintiye bila sababu mpaka mwisho.

Bibi hajui Kiswahili, mimi humtafsiria kwa Kinyambo. Leo nilishindwa kurudia upuuzi ule. Nikasema yule mama anaumwa na anamficha bintiye ugonjwa wake. Bibi akafuta machozi.

"Afadhali hii, mjukuu wangu. Zile nyingine zilikuwa kelele tu."

Nilifurahi. Lakini kesho anataka tuirudie, na amemwalika jirani yetu, mwalimu mstaafu. Yule ataelewa kila neno la Kiswahili.

Sijui nitamwambiaje Bibi. Hadithi ile ya kweli sitaki aijue.